Miguu Nilikuja Nayo

Kihagara,
12 Februari 1995

Mwanangu Bonifasia,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi hatujambo. Mvua imetupiga wiki nzima, mihogo imependeza, na mama mkwe wangu, Bibi Asteria, goti linamsumbua lakini kuketi hataki. Jana nilimwambia apumzike, akaniuliza kama nimekuja kumzika. Usipa, samaki wetu wadogo, wamejaa. Nimekuanikia debe moja, Florian atakuletea siku lori lake litakapoweza kupanda huko milimani.

Baba yako ameniandikia kurasa nne, na kurasa tatu na nusu ni habari zako. Anasema kuna kampuni mpya ya kununua kahawa pale Mbinga mjini, Julai watachukua wachambuaji, nawe unataka kwenda. Amenikumbusha pia mambo ya mwaka jana kule kwenye chama cha ushirika: mashine ilipowashwa ukajipiga kichwa, ukaangusha meza, ukatoka mbio, na kesho yake wakakukuta Kitai umekaa kando ya barabara. Anasema safari hii ni ya mwisho. Ukishindwa utabaki Mbuji nyumbani, hutapelekwa tena popote, na wewe una miaka ishirini na mitatu. Sikuipenda hiyo sentensi, ila namjua kaka yangu. Othmar akiogopa hutoa amri.

Sasa sikiliza. Desemba nilikuwa semina ya manesi Songea. Daktari mmoja mgeni alitufundisha habari za watu ambao masikio yao na ngozi yao vinaipokea dunia kwa nguvu kuliko sisi wengine. Aliiita otizimu. Alipokuwa anaeleza, mimi nilikuwa nakuona wewe tangu mtoto, unavyoziba masikio kengele ikilia, na unavyonusa kahawa ukasema imetoka shamba la nani. Wenzangu waliandika, mimi nililia kidogo. Alisema si pepo, wala si ugonjwa wa kupona. Ila kuna namna ya kuutuliza moyo, na namna hiyo inafundishika.

Ukiwa umetulia, simama, halafu peleka akili yako yote kwenye nyayo zako. Sikia kisigino, sikia vidole, sikia kama kuna baridi au joto. Wazo likija usilifukuze wala usilifuate, wewe rudi tu kwenye nyayo. Fanya kila siku wakati hakuna shida yoyote, ili siku ya shida miguu iwe inaijua kazi yake. Anzia shambani mnapochimba mashimo ya ngoro, maana pale udongo ni laini na hakuna anayekusemesha.

Unijibu. Na tafadhali anza na salamu, uniulize u hali gani, unipe habari za nyumbani. Barua yako ya mwaka juzi ilianza na neno "Hapana".

Shangazi yako,
Ottilia


Mbuji,
11 Machi 1995

Shikamoo shangazi. Tumsifu Yesu Kristo. Jibu la hiyo utalisema ukifika hapa, maana kwa barua litachelewa.

U hali gani? Umesema niulize, nimeuliza. Sielewi faida yake. Barua yako ilichukua siku kumi na tisa. Ukinijibu kwamba u mzima, nitakuwa nasoma habari za mtu wa zamani.

Habari za nyumbani. Baba mzima. Mama ana kikohozi. Yule mbuzi mwenye sikio moja amezaa wawili wenye masikio yote. Salamu zimekwisha.

Nimesoma barua yako mara sita. Umeandika kwamba naipokea dunia kwa nguvu. Si dunia yote. Ni mashine, kengele, watu watatu wakiongea pamoja, na kushikwa bega kwa nyuma. Mimi naita kufurika. Kunaanzia kifuani, kunapanda shingoni, na kukifika masikioni mimi sipo tena. Baba anasema nafanya kusudi. Mtu hawezi kufanya kusudi jambo ambalo hakuwepo.

Nilianza tarehe nne. Baba anafyeka nyasi na kuzipanga miraba, mimi na mama tunachimba katikati na kuzifukia. Nikimaliza ngoro moja nasimama ndani ya shimo, nasikiliza nyayo. Siku ya kwanza nilisikia siafu tu, kwa sababu walikuwepo. Siku ya tatu nilisikia kwamba kisigino cha kushoto kina ufa na cha kulia hakina. Siku ya sita nilisikia nyayo zote mbili kwa muda wote mama aliokuwa anachimba ngoro yake. Mpaka leo nimefanya mara arobaini na moja.

Nina maswali mawili. Nikianza kufurika nianze na kisigino au na vidole? Na wewe unafanya mara ngapi kwa siku?

Barua yako imeandikwa nyuma ya fomu ya kliniki ya watoto. Nimeipenda fomu hiyo. Mistari yake imenyooka.

Bonifasia


Kihagara,
23 Aprili 1995

Mwanangu Bonifasia,

Marahaba. Milele na milele, amina. Nimeisema kwa sauti hapa uani, Bibi Asteria akataka kujua nasali na nani.

Mimi mzima. Barabara ilikatika, barua yako ikalala Mbamba Bay karibu mwezi, ikanifikia imelowana pembeni lakini yote inasomeka. Pasaka tumeila vizuri. Bibi alicheza ngoma nje ya kanisa na goti lake lile lile, kesho yake akanilaumu kwamba sikumzuia.

Ile sentensi yako ya mtu kutofanya kusudi jambo ambalo hakuwepo, nimemwandikia baba yako neno kwa neno. Sijui atasemaje. Mimi ilinichoma, maana ni miaka mingi nilikuwa nadhani nakuelewa.

Anza na kisigino. Mwezi ujao baba yako akianza kumenya kahawa, simama mbali na ile mashine yake, pale ambapo unaisikia bila kuumia, usikilize nyayo. Kesho sogea hatua moja. Usiruke hatua hata kama umefurahi. Na siku ukiona kunapanda, ondoka ukatulie, kesho urudi. Kuondoka kwa kutembea siyo kushindwa.

Nimekutumia viatu kwa Florian. Siku hizi mitumba inafika mpaka huku kwetu, magunia kwa magunia, na hivi nilivipata juu kabisa kabla wenzangu hawajainama. Ni vyeusi, vya ngozi, vya kamba, vinang'aa. Siku ya mtihani wa kampuni uvivae. Sitaki watu wa mjini waseme mtoto wa Ottilia ameingia kwao na matope.

Shangazi yako


Mbuji,
4 Juni 1995

Shikamoo shangazi. Tumsifu Yesu Kristo. U hali gani? Baba mzima. Mama bado anakohoa. Mbuzi wazima. Baltazar wa jirani ameoa, arusi ilikuwa siku tatu na ngoma ilikuwa kubwa, nilikaa shambani.

Viatu vimefika. Vinanitosha. Vina harufu ya mtu mwingine.

Mashine ya kumenya nilianza nayo hatua thelathini. Sasa niko hatua tatu. Mara mbili niliondoka kwa kutembea. Mara moja niliondoka kwa kukimbia, lakini nilisimama kwenye migomba nikarudi mwenyewe, hakuna aliyenifuata. Baba aliona. Hakusema nafanya kusudi. Aliniuliza, "Sasa upo?" Nikamwambia nipo. Akaendelea kuzungusha mashine.

Kwa sababu ya arusi baba alisahau kahawa kwenye tangi la kulowekea siku nne. Nilimwambia imevunda, inanuka mpaka nje. Akasema wanunuzi wa siku hizi hawanusi, wanapakia tu. Ameianika na ataiuza hivyo hivyo. Hilo limenisumbua.

Nimepata wazo la siku ya mtihani. Ulisema nianzie kwenye ngoro, na nyayo zangu zimezoea udongo wa ngoro. Kwa hiyo nitachukua udongo huo kwenye beseni, niuweke chini ya meza, nisimame ndani yake. Beseni lipo, la bluu. Mtihani ni tarehe 24 Julai.

Swali langu la pili hujalijibu. Unafanya mara ngapi kwa siku? Na barua yako ya Aprili imeandikwa kwenye karatasi ya daftari la shule. Miaka yote unaandika nyuma ya fomu za zahanati. Kwa nini imebadilika?

Bonifasia


Kihagara,
18 Julai 1995

Mwanangu, marahaba, Bibi anakusalimu, samahani kwa haraka, Florian ameegesha na anapiga honi.

USIENDE NA UDONGO. Wewe mwenyewe unajua kahawa inavyovuta harufu! Watakufukuza mlangoni kabla hujaonyesha unachojua. Nilisema uanzie kwenye ngoro, sikusema uibebe. Barua yako imenifikia leo hii, nimeisoma nimesimama. Mungu asaidie hii iwahi.

Ya karatasi tutaongea siku nyingine.

Shangazi


Mbuji,
27 Julai 1995

Shikamoo shangazi. Tumsifu Yesu Kristo. U hali gani? Baba mzima, mama amepona, mbuzi wazima.

Nimechukuliwa. Nimeweka hili mwanzoni ili mengine uyasome umekaa. Barua yako ya kukataza udongo imefika jana, siku mbili baada ya mtihani.

Tulipanda gari alfajiri. Kutoka stendi ya Mbinga mpaka kiwandani ni mwendo, na beseni lilikuwa zito, kwa hiyo baba alilibeba kichwani. Alikuwa amevaa koti lake la Jumapili. Mama mmoja sokoni akamuuliza, "Mzee, unauza nini?" Baba akasema, "Siuzi. Udongo wa binti yangu." Akaendelea kutembea.

Tulikuwa watu tisa. Msimamizi anaitwa Bwana Abdulhamid, ni mtu wa pwani, ana miwani, na kila kitu anakinusa kabla ya kukishika. Nilimpenda kwa hilo. Aliliona beseni akauliza hii nini. Nikasema ni udongo wa ngoro, nitasimama ndani. Akasema, "Binti, udongo ukiingia chumba hiki, kahawa yangu yote itanuka shamba. Naomba utolewe." Alikuwa anasema kweli. Mimi nalijua jambo hilo tangu nina miaka sita, lakini nilikuwa nawaza miguu tu. Baba akalibeba tena, akatoka, akasimama nalo nje ya dirisha.

Halafu wakawasha mashine ya kukoboa, chumba cha pili. Si kama ya baba. Ilitikisa mpaka meza. Kufurika kukaanza kifuani. Nikatafuta kisigino, nikakuta kiatu. Nikatafuta vidole, nikakuta kiatu. Kukapanda shingoni. Nikatazama mlango, nikahesabu hatua, zilikuwa saba. Nilijua nikitoka kwa kukimbia, safari yangu ya mwisho imekwisha na baba yuko pale pale anaona.

Nikainama nikafungua kamba. Nikavua viatu vyako, nikavipanga vikitazama ukuta. Samahani. Nikasimama juu ya sakafu. Ni saruji, na ilikuwa baridi, na kulikuwa na chembe moja ya mchanga chini ya kidole gumba cha kushoto. Halafu nikasikia ufa wa kisigino. Ule ule nilioukuta mwezi wa tatu kwenye ngoro. Nikaelewa kwamba udongo ulikuwa nje na ufa nilikuwa nao humu ndani. Miguu nilikuja nayo.

Shangazi, mashine haikupunguza sauti. Iliendelea hivyo hivyo mpaka mwisho, na mimi nilikuwepo mpaka mwisho.

Kulikuwa na masinia kumi na mawili ya kahawa iliyokobolewa. Tulitakiwa tutoe punje mbovu, nyeusi na zilizotobolewa, kisha tuseme kama kuna sinia lisilofaa kuchanganywa na mengine. Nilimaliza wa kwanza. Nikamwita Bwana Abdulhamid nikamwambia, "Namba nne imevunda. Ilikaa kwenye tangi siku nne. Ni ya baba yangu."

Akavua miwani. Akanusa, akanusa tena. Akasema mnunuzi wake aliipokea mwezi uliopita na kuiandika daraja la kwanza. Akauliza baba yangu ni nani. Nikamwonyesha dirishani, "Yule mwenye beseni."

Watu wote chumbani wakacheka pamoja, na mashine ilikuwa bado inanguruma. Kukapanda kidogo. Nikarudi kwenye kisigino, kukashuka. Bwana Abdulhamid hakucheka. Alisema ametafuta pua ya namna hii tangu afike Mbinga, na kwamba nianze Agosti. Nimepewa meza ya pembeni, upande wa mbali na mashine. Nitafanya kazi bila viatu, ila ninawe miguu mlangoni.

Ndani ya gari baba alilipakata beseni, akatazama mbele tu. Nilidhani amekasirika kwa sababu ya namba nne. Udongo aliurudisha kwenye ngoro ile ile, hakuumwaga njiani. Kesho yake aliamka akasugua tangi lote kwa maji moto. Jioni nikamsikia akimwambia mama, "Wanunuzi wa siku hizi wananusa." Halafu akacheka peke yake mpaka akakohoa, mama akampiga mgongoni.

Sasa ni zamu yako. Nimekuuliza mara mbili. Unafanya mara ngapi kwa siku? Na karatasi?

Bonifasia


Kihagara,
3 Septemba 1995

Mwanangu Bonifasia,

Marahaba, marahaba, marahaba! Milele na milele, amina! Barua yako nilimsomea Bibi Asteria. Alipiga vigelegele mpaka jirani wakadhani kuna mtoto amezaliwa, na tulipofika kwenye beseni la Othmar alinisimamisha nirudie. Nimerudia mara tatu. Kaka yangu huyo, mwenye koti la Jumapili! Nimecheka na nimelia, na sioni aibu kusema.

Viatu visikuumize roho. Nilikuwa nawaza watu wa mjini watasema nini, sikuwaza miguu yako. Kosa ni langu.

Umeuliza mara ngapi. Hata mara moja. Nilikufundisha kitu ambacho mimi mwenyewe sijawahi kukifanya.

Na karatasi ni hivi. Mwezi wa tatu ilikuja orodha ya watumishi wanaopunguzwa. Sisi manesi wasaidizi tulikuwa wawili, jina langu likawemo. Miaka kumi na minane, wakanipa barua ya mistari mitano. Sikumwambia mtu. Si Bibi, si baba yako. Kila asubuhi nilivaa sare yangu nyeupe, nikapita njia ile ile, watu wakanisalimu nesi, nami nikaenda kukaa nyuma ya mawe kule ufukweni mpaka saa nane. Miezi mitano, mwanangu. Moyo ulikuwa unakwenda mbio mpaka nashika mawe. Wewe peke yako uliona, kutoka Mbuji, kwa karatasi.

Niliisoma barua yako pale pale nyuma ya mawe. Nilipofika kwenye ule ufa wa kisigino nikavua viatu. Nikasimama penye maji. Mwanzoni niliwaza aibu, nikarudi kwenye nyayo. Nikawaza Bibi atasema nini, nikarudi. Mchanga ulikuwa unaondoka chini ya visigino kila wimbi likirudi, na mimi nimesimama. Sijui ni muda gani. Niliposhtuka kifua kilikuwa kimetulia, kwa mara ya kwanza tangu Machi.

Nikarudi nyumbani miguu mitupu, nikavua sare, nikajifunga kanga, nikamwambia Bibi yote. Unajua alisemaje? "Najua tangu Pasaka. Sare ilikuwa inarudi na mchanga, hairudi na harufu ya dawa. Nilikuwa nakusubiri."

Wiki iliyofuata akina mama watatu walikuja uani na watoto wao, kuuliza tu. Wiki hii wamekuja kumi na mmoja. Siku hizi mtu binafsi anaruhusiwa, nimeomba kibali cha kufungua duka la dawa baridi, na Bibi ametoa chumba cha mbele alichokuwa anafugia kuku. Kuku wamehamishwa kwa maneno mengi. Na mama mmoja alimleta binti yake wa miaka tisa anayeziba masikio. Nikamwambia avue ndala, nami nikavua zangu, tukasimama wote wawili. Nilimweleza kwamba mimi ni mwanafunzi tu, mwalimu wangu yuko Mbinga anachambua kahawa.

Shangazi yako,
Ottilia


Mbinga mjini,
24 Septemba 1995

Shikamoo shangazi. Tumsifu Yesu Kristo.

Naandika kutoka mezani kwangu kiwandani. Leo ni Jumapili, mashine imezimwa, lakini jana niliandika nusu ukurasa ikiwa inanguruma, nao uko humu ndani ulinganishe mwandiko. Baba mzima. Kahawa yake ya mwisho ilikuja kwangu kama namba tisa. Sikujua ni yake mpaka nilipoinusa, na ilikuwa safi, nikaipitisha. Nilipomwambia alikwenda kumwambia kila mtu Mbuji, mpaka padre.

Sehemu ninaposimama saruji imeanza kung'aa. Bwana Abdulhamid ameweka ndoo ya maji na taulo mlangoni, na sasa wachambuaji wengine wawili wanafanya kazi bila viatu. Wanasema wanachoka kidogo kuliko zamani. Mimi sikuwaambia wafanye.

Yule binti wa miaka tisa mwambie aanze na kisigino. Usimshike bega.

Nimekutumia fomu thelathini za kiwanda ambazo zimeharibika upande mmoja. Mistari yake imenyooka. Uandikie hizo.

Jumatano lori la Florian linateremka huko na barua hii, na Jumamosi linapanda na jibu lako. Nitamsubiri stendi, nimeshaomba ruhusa.

U hali gani, shangazi? Safari hii nauliza kwa sababu nataka kujua. Jibu lako nitalisoma hata likiwa la zamani.

Bonifasia